Vumbi la Mbao Kidondani

Ndugu hawa wawili, mafundi seremala, waligombana kama wengine wanavyosalimiana. Kaka mtu aliitwa Nyundo, na jina alilitafuta mwenyewe. Siku mdogo wake alipopima vibaya akakata ubao wa mlango ukapungua, Nyundo hakuuliza kitu. Aliokota kipande kilekile akamtandika nacho begani, na msumari uliokuwa umejitokeza ukazama wote.

"Umeniua, kaka," mdogo mtu akasema, meno yamekaza.

"Hufi kwa msumari, ngozi ya kifaru wewe."

Lakini hasira za Nyundo ni moto wa mabua. Alipoona damu inachuruzika, moyo ukamlipuka. Akafanya kama baba yao alivyowafundisha: akazoa vumbi la mbao pale chini kwenye udongo, akashindilia kwenye tundu, akafunika kwa gundi. Damu ikakatika. Wakataniana, wakarudi kazini.

Siku ya nane mdogo mtu alishindwa kufungua mdomo anywe chai. Siku ya kumi alilazwa hospitalini, chumba chenye mapazia mazito, mgongo umepinda, kisogo na visigino tu vikigusa godoro, ulimi umetafunwa hadi damu inamwagika shingoni. Mlango ukibamizwa, anapinda. Mtu akikohoa, anapinda.

"Pepopunda," nesi alinong'ona. "Vijidudu vyake hujifunga ganda kama mbegu, vikakaa udongoni miaka na miaka. Vikifungiwa ndani ya nyama pasipo hewa, vinaamka na kumwaga sumu. Kile kidonda nani alikiziba?"

Nyundo angeweza kumsingizia mtu. "Mimi," akasema, kwa sauti yake ya karakana.

Kitanda kikatikisika. Mdogo wake alijikunja kinyumenyume mpaka uti wa mgongo ukalia kama kijiti kinachovunjwa. Nesi akamziba Nyundo mdomo kwa kiganja.

Ndipo akaelewa kuwa hata kuomba radhi kwa sauti kungemuua mdogo wake. Akakaa siku tatu, ngumi mdomoni, anameza maneno, na mdogo wake anamtazama tu, maana macho ndiyo yaliyobaki kumtii.

Alasiri ya siku ya nne mshtuko ulimkaba, pumzi haikurudi. Nesi akafunua mapazia, akamshika Nyundo bega. "Sasa unaweza kulia kwa sauti, kaka yangu."

Nyundo aliinama sikioni kwa mdogo wake akamwomba radhi kwa kunong'ona, asije akamshtua.