Feni Kwenye Namba Tatu

Shuka la kumi na saba lilikuwa mezani feni ilipoanza kunguruma. Mama Pasi hakuinua macho. Alilinyoosha pindo, akapitisha pasi, mvuke ukampanda usoni, na juu ukutani ile feni ya kutolea hewa ikaendelea kama mtu anayesukutua koo bila kutema.

"Imeanza," alisema Bi Harusi kutoka meza ya pili. Walimwita hivyo tangu wiki aliyoolewa, na jina halikumtoka hata sasa, mimba ikiwa ya miezi saba na yeye akipiga pasi kwa kusimama upande.

"Ee?"

"Nasema imeanza!"

"Sikusikii, mwanangu!"

Hivyo ndivyo walivyoongea siku hizi katika chumba cha pasi cha hoteli ile: kwa kupayuka, kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Zamani alikuwepo Fundi Koili, mzee wa umeme mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Ndiye aliyeifungia feni boksi zito la kurekebishia mwendo, lenye koili ya waya ndani na kitufe cha kuzungusha chenye namba tano. Moja ilikuwa ya asubuhi, kabla pasi hazijapata moto. Tano ilikuwa ya siku za mapazia. Tatu ilikuwa ya siku zote. Kwenye tatu mvuke wote ulitoka, na feni yenyewe ungeisahau kama ipo. Kila Ijumaa Mama Pasi alimshikia ngazi, naye fundi akafuta nyuzi zilizoganda kwenye mapanga ya feni, kisha akatia oili. "Tone moja tu, dada. Nikitia mawili itanitemea usoni."

Walikuwa wanawake sita wakati huo. Kwenye namba tatu walisemeana habari za waume, za wakwe, za watoto waliokataa shule. Mama Pasi alimlea binti yake kwa mashauri aliyoyapata pale pale, pasi mkononi, bila mtu kuinua sauti. Sasa wamebaki wawili, na mashuka hayakupungua.

Fundi Koili alistaafishwa. Boksi lake lilipoungua, meneja alinunua swichi ndogo ya kupunguzia mwanga wa taa, maana ilikuwa rahisi, na yenyewe pia ilikuwa ya kuzungusha. Siku hiyo hiyo mota ikaanza kunguruma. Mgeni wa chumba cha juu akalalamika. Meneja akapunguza mwendo. Ikanguruma zaidi na hewa ikapungua. Mgeni akalalamika tena; meneja akapunguza tena, kisha akaifunika swichi kwa kisanduku na kufuli. Kufuta mapanga nako kukakatazwa. Ilikuwa kazi ya kampuni yenye mkataba, ambayo haikuwahi kuja.

Juma lililopita Bi Harusi alianguka kwa joto. Meneja alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba akianguka tena atapumzika nyumbani moja kwa moja. Na nyumbani mumewe hakuwa na kazi.

Ndiyo maana saa nne, mkaguzi wa serikali alipoingia na meneja, Mama Pasi aliona huenda msaada umefika. Mkaguzi alikuwa kijana, ana kifaa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu tanuruni."

Meneja akacheka harakaharaka. "Mama Pasi na utani wake."

Mkaguzi akainua kifaa, akakitazama, akatikisa kichwa. "Kelele imezidi."

"Ni hiyo swichi," Mama Pasi alisema kwa sauti kubwa. "Ni ya taa. Taa ukiipunguza inafifia tu, mota inalalamika. Fungueni kufuli, mwiongeze mpaka mwisho. Mngurumo utakwisha, mtasikia upepo tu. Na mkiweka boksi la koili, hata huo upepo hamtausikia."

"Tuongeze mwendo ili kelele ipungue?" Meneja alimgeukia mkaguzi. "Umemsikia?"

"Jaribu, bosi," alisema Mama Pasi. "Dakika moja tu."

"Mama, wewe piga pasi."

Mama Pasi akaweka pasi chini. "Basi pima joto, mwanangu. Huyu ni mjamzito, na alianguka hapa hapa."

Mkaguzi alimtazama Bi Harusi, jasho likimdondoka kidevuni. Kisha akakitazama kifaa chake. "Hiki kinapima kelele tu, mama. Malalamiko yaliyotufikia ni ya kelele. Ya joto yana fomu yake."

"Inapatikana wapi?"

"Inajazwa na mwajiri."

Kabla ya saa sita tangazo lilibandikwa: feni isiwashwe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Meneja aliizima mwenyewe. Mapanga yakazunguka polepole, yakasimama. Pakawa kimya.

"Mama," alisema Bi Harusi, kwa ile sauti yake ndogo ambayo Mama Pasi hakuwa ameisikia miezi mingi. "Macho yanaingia giza."

Mama Pasi alimdaka kiunoni, akamketisha juu ya lundo la taulo, akamwekea kitambaa cha maji shingoni. Kisha akaenda kulisoma tangazo, neno kwa neno, kwa kidole. Alipomaliza alilivuta kapu la mashuka mabichi hadi kwenye mlango wa pili, unaotokea kwenye korido ya wageni yenye zulia na kiyoyozi. Akaufungua wazi, akauzuia kwa kapu. Ubaridi ukaingia. Mvuke ukatoka, ukatambaa juu ya zulia kuelekea mapokezi.

"Mama, watakufukuza!"

"Tangazo limetaja feni. Mlango halikuutaja. Nyanyua miguu, pumua."

"Wakija?"

"Wakija watakukuta umekaa, hujaanguka." Alirudi mezani. "Nilikwambia habari ya siku meno ya bandia ya Fundi Koili yalipodumbukia kwenye beseni la wanga wa nguo?"

"Hukuniambia."

"Tuliyatafuta sote sita. Naye kasimama pale, kaziba mdomo kwa mkono, anatuelekeza kwa macho."

Bi Harusi alicheka, kicheko chembamba cha mtu aliyechoka. Huko koridoni mtu aliuliza moshi unatoka wapi. Mama Pasi aliongeza moto wa pasi, akalinyunyizia shuka maji mara mbili ya kawaida, akaikandamiza pasi; wingu jipya la mvuke likaelekea mlangoni.