Udongo Kwenye Kahawa

Shemeji yake aliitema kahawa palepale sakafuni, mbele ya watu.

"Hii ndiyo uliyonipandishia mlima?" akauliza, akijifuta mdomo kwa kiganja. "Nimeacha kazi zangu, nimekaa nusu siku kwenye lori lako linalonuka dizeli, kwa ajili ya hii?"

Dereva alikivuta kikombe chake karibu. Kwao walimwita Kiguu-na-Njia, maana tangu ujana hakuwahi kulala mahali mpaka godoro likazoea umbo lake. Alikuwa amekunywa kahawa bandarini, migodini, kwenye stesheni za treni na kwenye mahema ya wajenga barabara, na kote huko hakuna iliyomfunga mdomo isipokuwa ya hapa. Aliigundua wiki iliyopita. Lori lilichemka kwenye kona ya mwisho kabla ya mji, akashuka kuomba maji ya rejeta, akakuta kiduka kimeuegemea mlima kama mtu aliyechoka, na ndani yake mama mfupi mwenye birika la shaba. Akapewa kikombe. Akaomba cha pili, na hapo akasahau kabisa kwamba kuna watu wanasubiri saruji yao. Tangu siku ile alikuwa akiimwagia sifa kahawa hiyo, hasa kwa huyu shemeji, fundi magari, mtu ambaye akisifu kitu leo, kesho anajuta.

Sasa alionja ya kwake. Ilikuwa nyeusi kuliko ya wiki iliyopita, imekaangwa mpaka karibu kuungua. Lakini chini ya ule uchungu kulikuwa na kitu kingine, cha baridi, kinachosaga kwenye meno. Alikijua.

"Mama," akasema taratibu, "maji haya mnayatoa wapi?"

Kinyozi aliyekaa dirishani akaacha kupuliza kikombe chake.

Mama Birika akashika kiuno. "Kwani kahawa yangu ina nini?"

"Ina udongo."

"Nilijua! Umetumwa na Sharubu." Akanyoosha kijiko kuelekea duka la ng'ambo ya barabara. Yeye na mwenye duka lile walikuwa wamenuniana miaka mingi. "Kamwambie, akitaka wateja wangu ajifunze kupika, asinitumie madereva!"

"Huyo Sharubu hata simjui, mama. Mimi nauliza maji."

"Ya chemchemi ya hapo juu, nyuma ya nyumba. Bomba linaingia jikoni moja kwa moja. Umeridhika?"

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa akiosha vikombe. Bila kusema neno akakinga glasi bombani, akaiweka juu ya kaunta. Maji yalikuwa mekundu kama matofali mabichi.

"Mvua ilikatika lini?" dereva akauliza.

"Juzi," akajibu kinyozi. "Jana jua kutwa, na leo jua."

"Basi mbona maji yachafuke leo?" Akaigonga glasi kwa ukucha. "Niliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Mvua ilinyesha siku nyingi, na chemchemi yetu ikabaki safi. Ikaja kuchafuka siku ya jua. Jioni mlima ukashuka, ukafunika mabweni."

"Unatutisha bure," Mama Birika akasema, ila kijiko kilikuwa kimeshuka.

"Mama, na ule mlango wa nyuma," mkwe akasema.

"Nyamaza wewe!"

"Sinyamazi leo, mama, unisamehe. Jana ulifungika kwa kidole. Tangu asubuhi nausukuma kwa bega, haufungi. Fremu imepinda."

Fundi akaenda nyuma kuangalia. Aliporudi, uso wake ulikuwa mwingine kabisa. "Ukuta umeachana na sakafu. Mkono wangu umepita."

Watu wakaanza kuinuka. Mama Birika hakuinua macho kutoka kwenye birika.

"Tangu alfajiri," akasema, sauti imemwisha. "Nilionja nikajua haiko sawa. Nilidhani ni mimi, mkono umezeeka. Nikakaanga nyingine, nyeusi zaidi, ili nifunike. Asubuhi nzima nawanywesha watu, naomba tu mtu asigundue."

"Nani mwingine yuko humu ndani?"

"Mume wangu. Chumba cha nyuma. Miguu haimbebi."

Dereva na fundi wakamtoa mzee akiwa juu ya kiti chake, na blanketi lake.

"Mnanipeleka wapi? Sijapata kahawa."

"Leo hunywi," mkewe akamwambia.

"Ala! Basi kweli kuna jambo."

Walipovuka kizingiti, kitu kikaguna ndani ya mlima, kama gunia zito linaloburutwa juu ya mbao. Mzee akaacha utani. Kinyozi akampokea dereva upande mmoja wa kiti, wakaelekea kwenye daraja lililokuwa mbele barabarani, pale lori lilipoegeshwa, mkwe akiwaita majirani mlango kwa mlango.

Mama Birika alisimama katikati ya barabara, birika bado mkononi. Duka la ng'ambo lilikuwa limejaa, watu wanacheka. Sharubu alikinga maji ya mvua kwenye tangi, hakukuwa na cha kumwonya.

"Twende, mama! Nitawaambia mimi," dereva akasema.

"Wewe watakucheka. Watasema mimi ndiye niliyekutuma."

Akaingia. Dereva akamfuata mpaka mlangoni.

"Karibu jirani," Sharubu akasema, akizivuta sharubu zake. "Leo umekuja kusoma?" Wateja wakaangua kicheko.

"Kahawa yangu imeharibika," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Haifai. Ni mbaya kuliko yako." Akammiminia. "Onja."

Kicheko kikakatika. Sharubu alikuwa ameyasubiri maneno hayo nusu ya maisha yake, na utamu wake ulionekana waziwazi usoni. Akanywa. Dereva alilitazama koo lile, akijizuia asipige kelele. Sharubu akaizungusha kahawa mdomoni, akachungulia kikombe, akaona tope limetua chini, kisha akautazama mlima kupitia mlangoni, na mwanamke aliyesimama mbele yake.

"Chemchemi?"

"Chemchemi."

"Tokeni!" akanguruma. "Wote! Acheni vikombe, tokeni!"

Walikuwa darajani mlima ulipoachia. Miti ilishuka ikiwa imesimama wima, kama watu wanaoteremka kwa miguu. Kiduka kilikuwepo, kisha hakikuwepo. Tope likavuka barabara, likaingia kwa Sharubu mlangoni na kutokea dirishani.

Watu wakaanza kuitana. Kila aliyeitwa akaitika. Mama Birika akakaa chini kando ya kiti cha mumewe.

"Umesema mbaya kuliko yangu," Sharubu akasema, anahema. "Wote wamesikia."

"Nilikuwa na haraka."

Mlima ukaguna tena, safari hii upande wa bondeni, kwenye nyumba za chini. Mama Birika akainuka.

"Dereva, lori lako linawaka? Wale wa chini bado hawajui."

"Linawaka."

Fundi alikuwa ameshapanda.