Mkate wa Leonce

Jumanne moja Ma Eudoxie Charlery aliingiza mikate arobaini na minane tanurini, akaegesha bati mlangoni, akaanza kupangusa meza. Muda ulipofika ilitoka arobaini na saba. Akahesabu tena, kwa sauti. Jumatano ikawa hivyohivyo, na Alhamisi pia.

Watu wa kijiji cha Anse Zoranj walikuwa wakinunua mkate kwa akina Charlery tangu kabla kanisa halijaezekwa mabati. Sasa waliobaki kuoka walikuwa watatu tu: Ma Eudoxie mwenyewe, binti yake Perpetua aliyekanda unga, na Gaspard, mdogo wa marehemu mumewe, aliyepasua kuni na kuonja kila kitu.

"Mwizi ni Ba'mdogo," alisema Perpetua. "Hebu litazame hilo tumbo."

"Hili ni la ramu," alijibu Gaspard. "Mkate ukiingia humu haupati pa kukaa."

Tanuri lilikuwa na mlango mmoja. Gaspard alilizunguka, akagonga kila tofali, akamshuku paka wa padri. Ijumaa mchana Ma Eudoxie alivuta kiti, akaondoa bati, akakaa akitazama ndani. Baada ya dakika ishirini mkono ulitokea kwenye ukuta wa nyuma, pasipo na tundu lolote, ukachukua mkate uliokwisha kuiva. Mkono ulikuwa wa kijivu, na saruji imeganda kwenye kucha. Kidole cha kati hakikuwa na ncha. Kilikatwa na mashine ya kukandia unga mwanawe akiwa na miaka tisa.

"Leonce," alisema Ma Eudoxie. "Utaungua."

"Siungui, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona hukuandika hata barua?"

Miaka minne nyuma, nyapara wa hoteli iliyokuwa ikijengwa ufukweni alifika dukani kueleza kwamba Leonce ametoroka kazi, amevuka bahari kwenda Martiniki na mke wa mtu. Ma Eudoxie aliona haya, akabadilisha kiti chake kanisani. Perpetua alichoma shati za kaka yake uani.

"Sikuvuka popote," sauti ilisema kutoka tanurini, imetulia kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ukuta uliniangukia siku ya kumwaga zege. Nyapara alitazama saa, akasema malori hayawezi kusubiri. Niko chini ya ukumbi wa dansi, upande wa jukwaa."

"Ulikuwa umeshakufa?"

Mkono ulimega mkate.

"Bado kidogo," alisema Leonce.

Perpetua aliweka siagi kwenye mlango wa tanuri, mahali ambapo mkono ungefika.

"Shati zako nilizichoma," alisema.

"Hata ile ya bluu?"

"Nilianza na hiyo."

"Ewe!" alisema Leonce, na kwa muda walicheka wote wawili.

Jumatatu Koplo Augustin wa polisi aliitwa, akaja na daftari. Aliinama mbele ya tanuri jasho likimtiririka, akaandika alichoambiwa: tarehe, jina la nyapara, kina cha msingi. Aliuliza maswali mawili tu, yote ya maana. Kisha akafunga daftari.

"Ma, nakuambia kweli, namwamini. Lakini binti yangu anapika pale. Nusu ya mtaa huu inakula kwa ile hoteli. Nikienda kuwabomolea ule ukumbi, nitawaambia nini?"

"Waambie kuna mtu chini yake."

"Wanajua, Ma," alisema koplo. "Walikuwepo siku ile."

Alichukua kofia yake, akaaga kwa adabu.

Kila alasiri gari la hoteli lilipita kuchukua mikate ya wageni. Ma Eudoxie alisema ataacha kuwauzia. Gaspard, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, alimkumbusha kwamba hoteli itaagiza mkate kutoka mjini Castries, duka litafungwa, tanuri litapoa.

"Na huyu atakula wapi?" aliuliza.

Ma Eudoxie akapanga mikate ya hoteli kapuni. Gari likaendelea kuja. Leonce alikula kila siku, akasimulia nyimbo mpya zilizopigwa ukumbini, juu ya kichwa chake; nyingine, alisema, hazikuwa mbaya.

Mwezi wa tatu hoteli ilianza kujenga jengo la pili. Ijumaa moja mikono ilitokea miwili, na wa pili haukuwa wa Leonce. Ulikuwa mwembamba, ukipapasa matofali.

"Mama, nina mgeni," alisema Leonce. "Katokea Haiti, kibarua. Amefika jana, bado hajazoea giza."

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Wilner, Mama."

"Kwenu wanajua uko wapi?"

Mgeni alipokea kipande cha mkate.

"Mnajua ninyi tu," alisema.

Kesho yake Perpetua aliongeza kipimo cha unga.