Sabuni ya Uwanja wa Ndege

Vita vya Kagera vilipokwisha, Rugemalira wa Ijumbi alirudi kutoka Bukoba mjini na mapipa mawili ya dawa ya povu, ile ya kuzimia moto wa ndege, yaliyotelekezwa uwanjani. Majirani walimcheka. Kisha sabuni ikaadimika madukani, na waliocheka wakaanza kuja na vikopo. Mzee alivimba kichwa, na nani angemlaumu? Matone machache tu, povu tele.

Mkwewe Ephrasia, mke wa Mujuni, ndiye aliyefua na kuosha vyombo kwa dawa hiyo mwaka nenda, mwaka rudi. Chemchemi ilikuwa bondeni na maji yalipandishwa kwa kichwa, basi yaliyooshea vyombo hayakumwagwa. Alinyweshwa hayo ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya mbolea ya kibanja, shamba la migomba.

Ng'ombe huyo, zawadi ya baba yake Ephrasia, hakushika mimba. Za Ephrasia mwenyewe zilikuwa zikiharibika. Rugemalira alikuwa ameshawazika wanawe wengine wa kiume kwa ukimwi, ugonjwa ule walioubatiza Juliana. Alibaki Mujuni peke yake, na mjukuu wa ukoo hakuna. Uchungu ulimpanda mzee mpaka ukamtoka mdomoni.

"Ephrasia arudi kwao," alisema. "Mujuni ataoa mwingine."

Mujuni, mwoga kwa baba yake kama kifaranga kwa mwewe, aliomba wangoje mavuno ya kahawa ya mwaka unaofuata. Wakati huo ng'ombe akapelekwa Kimwani kwa dada yake Mujuni, Kokugonza, ambaye migomba yake ilikuwa inakonda kwa kukosa mbolea.

Kahawa ilipoiva, Kokugonza alikuja anacheka tangu njiani. Ng'ombe ana mimba!

Rugemalira akapiga paja. "Mmeona? Kamkimbia huyu, kashika mimba. Mkosi ni wake."

Habari njema ndiyo iliyokuwa inamfukuza Ephrasia! Aliuliza taratibu, "Wifi, Kimwani mnafulia nini?"

"Majivu ya maganda ya ndizi. Sabuni tutaitoa wapi?"

"Na ng'ombe anakunywa wapi?"

"Mtoni, na wenzake."

Ephrasia akapiga magoti mbele ya mkwewe, kama adabu inavyotaka. "Tata, hapa alikunywa povu la pipa siku zote. Nami nakula mabaki yake kwenye sahani tangu niolewe. Unifukuze, lakini atakayekuja usimpe dawa ile."

Msomi wa kusema ndiyo au hapana hakuwepo. Rugemalira alitazama mapipa, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti.

"Huendi kokote," alisema mwishowe.

Mujuni alishusha pumzi. Ephrasia alidhani atafurahi, kumbe kilio ndicho kilichomjia, akawalilia wanawe ambao hawakuwahi kupewa majina. Mzee hakumnyamazisha. Alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Nilikodi lori," alisema. "Nililipa mwenyewe, nikayaleta mapipa yale mpaka mlangoni."