Kompyuta Iliyofikiria Kwanza

Mume wangu ni karani katika ofisi ya maji. Kazi yake, ukiondoa kugonga mihuri, ni kuwaambia watu wasubiri. Mtu aliomba kuunganishiwa bomba mwanawe akiwa bado anatambaa, leo mtoto anaendesha baiskeli, na mume wangu anamtazama mzazi huyo kwa upole kupitia dirishani na kumwambia, "Mfumo unachelewa kidogo, mzee wangu. Kawia ufike." Husema hivyo bila kupepesa macho, na wengine huondoka wakimshukuru. Ndiyo maana nilipigwa na butwaa siku mtu huyohuyo aliporusha pedi ya michezo, kile kidude cha vitufe, kitandani, karibu alie, akidai kompyuta yake inachelewa.

"Inachelewa vipi?" nikamuuliza.

"Nikibonyeza haitendi palepale. Inafikiria kwanza."

Nikamwambia si vibaya nyumba kuwa na angalau mmoja anayefikiria kwanza. Hakucheka.

Kompyuta yenyewe aliinunua kwa ajili ya mpira. Si wa kukimbia, maana kwa kitambi kile angekimbia wapi, bali ule wa kwenye kioo, unaoucheza kwa vidole gumba huku umekaa. Alikuwa akicheza kwa mtandao na mdogo wake, yaani shemeji yangu, ambaye ni kinyozi na ana kompyuta yake nyuma ya pazia la kibanda chake cha kunyolea. Humo kwenye mchezo mume wangu alijiita Kepteni, na baada ya muda akataka tumwite hivyo hata mezani.

Ukepteni wake usingenihusu kama asingeuweka chumbani kwangu. Binti yetu alipoolewa aliacha chumba chenye dirisha kubwa, na mimi ni fundi cherehani. Tulikwisha kukubaliana kwamba nitashonea humo. Siku moja natoka sokoni, nakuta kompyuta imetandazwa, na mbele yake kiti chenye mabawa ya kichwa kama cha rubani. Cherehani yangu ilikuwa koridoni, kati ya friji na mlango wa choo.

Sijui kama umewahi kumpima mtu kiuno koridoni. Mteja akisimama pale huvuta tumbo ndani kwa aibu. Mtu akipita kwenda chooni, huvuta zaidi. Vipimo vyangu vyote vikawa vya uongo, na magauni yakaanza kurudi yakiwa yamefumuka ubavuni. Mama mmoja wa heshima, aliyekuwa ameniletea vitambaa vya mabinti zake wote, alikuwa amenyoosha mikono nimpime kifua Kepteni alipopita na taulo. Alichukua vitambaa vyake na hajarudi hadi leo. Nilikuwa napoteza kazi niliyoijenga kwa miaka mingi, na nilikuwa naipoteza kwa sababu ya mpira usio na mpira.

Nikadai chumba changu. Mume wangu akasema yeye hachezi, ana kipaji, ila kimechelewa kugunduliwa.

"Vizuri," nikamwambia. "Mfunge mdogo wako mara moja tu, nami nitakitambua hicho kipaji na kukaa koridoni bila neno. Ukifungwa, chumba changu."

Alikubali mbele ya dada yake mkubwa, wifi yangu, ambaye uamuzi wake katika ukoo ule hauna rufaa. Siku ya mechi wifi alikaa kitako kama hakimu. Kepteni akafungwa manne kwa bila.

"Haihesabiki!" aliruka kutoka kwenye kiti cha rubani. "Dada, wewe shahidi. Mimi nabonyeza nipige, mshambuliaji anatafakari maisha. Mashine inachelewa!"

Wifi ndiye aliyemlea mume wangu, na machoni pake bado ni mtoto mwenye kikohozi. Akaamua mechi irudiwe mashine ikipona.

Hapo nikajua nimepatikana. Mashine ikipona! Mgonjwa amelazwa mikononi mwa mtu ambaye hana faida yoyote naye akipona. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mbaazi wa kwangu alikuwa amepata jua la kudumu. Kwa hiyo ikanibidi mimi, niliyetaka kompyuta ile itupwe jalalani, niwe wa kwanza kuihangaikia itibiwe.

Nikamwita fundi wa kompyuta. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaongeza kumbukumbu. Mume wangu akafumba macho, akabonyeza kitufe, akakaa kimya kama daktari anayesikiliza kifua, akatikisa kichwa. "Bado ipo." Fundi akabadilisha nyaya. "Bado ipo." Akafuta programu zote alizozishuku, tukanunua pedi mpya. "Imepungua," alisema Kepteni, na moyo wangu ukaruka, "lakini bado ipo." Fundi akasema labda ni mtandao. Watu wa mtandao wakaja, wakapima, wakasema labda ni umeme. Mume wangu aliposikia neno umeme aligeuza shingo taratibu akaitazama cherehani yangu.

Tangu siku hiyo nikapigwa marufuku kushona Kepteni akiwa uwanjani. Kumbe ni mota yangu inayomnyonya nguvu mshambuliaji wake.

Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni televisheni. Kompyuta ile haikuwa na kioo chake. Ilichomekwa kwenye televisheni kubwa kama mlango, zawadi ya wifi. Wifi mwenyewe ndiye aliyeitengeneza picha siku alipoileta, akakaza rangi mpaka nyuso za watu kwenye tamthilia anazokuja kutazama kwetu zikang'aa kama zimepakwa mafuta, kisha akatukabidhi rimoti ikiwa ndani ya nailoni yake na kutuonya tusije tukaichezea tukaiharibu. Fundi aliwahi kuuliza, "Na hii TV je?" Mimi na mume wangu, ambao wakati huo hatukuwa tukikubaliana hata kuhusu chumvi, tulijibu kwa pamoja, "Hiyo iache!"

Maji yaliponifika shingoni niliamua kumuumbua. Simu yangu ina kamera inayopunguza mwendo, ile ambayo binti yetu aliitumia kwenye harusi yake kuwachekesha watu kwa namna shangazi zake wanavyocheza. Nilipanga kurekodi kidole gumba cha mume wangu na kioo kwa pamoja, ili wifi aone kwa macho yake kwamba kidole kikishuka mguu wa mchezaji unainuka saa ileile. Kesi iishe, nirudi chumbani.

Jumamosi mchana nikarekodi. Tukatazama. Kidole kikashuka taratibu, kikafika chini, kikakaa. Mchezaji amesimama. Kidole kinasubiri. Mchezaji bado amesimama, anaangalia mbele kama mtu anayengoja kuitwa jina. Ndipo mguu ukainuka.

Nilirekodi tena nikitumai nimekosea. Yaleyale. Mume wangu hakuwa mwongo, na nilisikitika sana.

"Umeona?" alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeona? Nyote mlidhani nazeeka."

Nilidhani anazeeka, ndiyo. Niliona haya kidogo, hasira zaidi, na juu ya vyote nikaona hamu ya kumkamata mwizi wa ule muda. Tukaanza msako. Yeye anachomoa waya, mimi narekodi. Anauchomeka mwingine, narekodi tena. Alinifundisha maana ya kuotea kwa kutumia visosi, nami nikamfundisha kushika simu bila kutetemeka. Siku kadhaa alikuwa akitoka ofisini mapema, akiwaacha watu wa mabomba wakisubiri, ili tuwahi kupima kabla ya chakula. Tulicheka mle chumbani kuliko tulivyocheka tangu binti aondoke.

Mwishowe tukaazima kwa fundi kioo kidogo cha kompyuta cha kizamani, kilichofifia pembeni. Tukaichomeka kompyuta kwenye kile. Nikarekodi. Kidole kikashuka, mguu ukainuka, pamoja.

Tulitazamana. Mume wangu akaenda kufunga dirisha.

"Ni TV ya dada," alinong'ona.

"Basi tuibadilishe mipangilio."

"Uiguse wewe. Mimi bado naupenda ukoo wangu."

Ilibidi wifi aitwe. Alikuja akiwa amekwisha kuvimba, maana mume wangu alimwambia kwenye simu kwamba kuna jambo kuhusu televisheni, kisha akaogopa kuendelea.

"TV yangu haina ubaya," alisema kabla hajaketi. "Nimeinunua mpya."

"Hakuna aliyesema ni mbaya, wifi," nikamwambia. "Tatizo ni nzuri kupita kiasi." Nikampa pedi, nikamwambia abonyeze mwenyewe, nikamrekodi, nikamwonyesha. Akakitazama kidole chake kikisubiri.

"Sasa muda wote huo inafanya nini?"

"Inajipamba, wifi. Picha imekuja imebisha hodi, TV yenyewe iko mbele ya kioo cha kabati inajipaka poda. Ikimaliza ndiyo inakuja kufungua mlango."

Wifi alilifikiria hilo kwa haki. "Hata mimi sifungui bila poda," alisema. Lakini alikuwa ametoa hukumu mwenyewe kwamba mashine ipone, na hakimu hawezi kuonekana anamficha mshitakiwa. Akaitoa rimoti kwenye nailoni kwa vidole viwili. Ndani ya mipangilio, chini kabisa, palikuwa na mstari wa michezo. Akabonyeza. Poda yote ikamwagika.

"Watu wamepauka," alilalamika.

Walipauka, ndiyo, ila walikuwa wanatii.

Mechi ikachezwa palepale. Shemeji alikuwa kibandani kwake, simu imewekwa sauti kubwa, na tulimsikia mteja wake akiuliza kama ataachwa na nusu kichwa. Mimi nilisimama mlangoni na utepe shingoni. Nilikwisha kulipima dirisha kwa macho na kuchagua mahali pa cherehani, pa meza ya kukatia, pa kioo kirefu cha wateja. Sababu ya kuchelewa imeondoka, kisingizio kimekufa, kilichobaki ni mtu mzima mwenye kitambi na vidole vyake.

Kepteni alishinda tatu kwa moja.

Kumbe mtu aliyezoea kubashiri na kubonyeza mapema mbele ya kioo kinachochelewa, kikiacha kuchelewa anakuwa mchawi. Mipira ilikuwa ikimtoka miguuni kabla mdogo wake hajaiona. Goli la tatu lilipoingia, mume wangu hata hakushangilia. Aligeuka akaniangalia mimi, kama mtoto aliyeogelea ng'ambo akitaka kujua kama mama ameona.

Kwenye simu shemeji akasema, "Haihesabiki. Pedi yangu leo inachelewa."

Wifi akasimama, akajifunga kitenge upya, akatangaza kwamba chumba ni cha Kepteni. Nikasema sawa. Ahadi ni deni, na kitanzi nilikishona mwenyewe, mshono kwa mshono, kwa simu yangu mwenyewe. Nilirudi koridoni nikakaa kati ya friji na choo, nikalia kidogo, kisha nikaendelea na upindo wa sketi.

Kepteni sasa alikuwa na kila kitu. Chumba chake, kiti chake, mashine nzima. Fundi hakuwa na sababu ya kuja tena. Shemeji alinuna, akawa hapokei simu yake. Wifi hakuja tena kwetu, alikuwa akiangalia tamthilia kwa jirani, kwa sababu huko watu bado wanang'aa. Mume wangu alicheza na wageni wasio na sura kutoka sijui wapi, akawafunga, na akiwafunga wanaondoka bila kuaga. Nilikuwa nikimsikia humo ndani: kitufe, kitufe, kelele za uwanja, kisha kimya. Wiki ya kwanza alishangilia. Ya pili alikohoa tu.

Jumapili moja mchana alikuja koridoni, akaegemea friji.

"Mama watoto."

"Bee."

"Nadhani imeanza tena."

"Imeanza nini?"

"Kuchelewa." Alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu. "Njoo na simu yako uangalie."

Nikaenda. Akabonyeza, nikarekodi, tukaweka vichwa pamoja kutazama. Kidole kikashuka na mguu ukainuka, sawasawa kabisa, wala huwezi kupitisha sindano katikati. Nikairudia. Yeye alikuwa ameona kama nilivyoona, na alijua kwamba nimeona. Alisimama pale amenishika bega, akingoja.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilikuwa na haki nao, na ulimi wangu si wa kuumauma maneno. Lakini nilimtazama yule mshindi, nikamwonea huruma, kisha nikalitazama dirisha.

"Umeona?" akauliza taratibu.

"Nimeona. Hii si ya kuangalia mara moja, baba watoto. Inataka mtu awe humu ndani kutwa, anaitazama."

Sikumaliza sentensi. Alikwisha kuibeba cherehani, mota na kila kitu, akaishusha chini ya dirisha, akaburuta kiti cha rubani mpaka pembeni. Hata meza ya kukatia aliihamisha peke yake, na kile kitambi.

Sasa wateja wangu wanapimwa chumbani, mlango umefungwa, na matumbo yao yamelegea kama Mungu alivyoyaumba. Wakija, Kepteni huzima mchezo na kutoka bila kuambiwa. Wakiondoka anarudi, anakaa, anaufunga ulimwengu mabao, na mimi nashona. Kila jioni, bila kugeuka, ananiuliza kama bado inachelewa.

Nami, bila kuondoa mguu kwenye pedali, humjibu, "Bado kidogo."