Sina Hamu

Dada yangu Muhsina hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Aliamka, alisali, alifagia ua wa nyumba yetu ya Mawaleh, hapa Maskati, kisha akakaa kwenye kizingiti cha jikoni akiitazama sufuria tupu. Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akichagua mbatata sokoni moja moja mpaka wauzaji wakimwona wanageuza nyuso. Sasa mumewe, Marhoon, alileta mboga zikaozea kwenye mifuko.

Tukimuuliza ana nini, jibu lake lilikuwa moja.

"Sina hamu."

Si hamu ya chakula tu. Hamu ya kuoga, ya harusi za watu, ya kesho. Angefiwa, watu wangeelewa. Lakini hakufiwa, hakuachwa, hakupigwa, kwa hivyo majirani wakaamua kwamba anadeka. Mmoja akasema ana shetani aliyemfuata kutoka Unguja. Akasomewa, akanyweshwa maji ya kombe, akashukuru vizuri, akarudi kwenye kizingiti chake. Nilikuwa na hasira na wote, hata wale waliokuwa wakimpenda.

Hiyo ni 1999. Nilimbembeleza Marhoon miezi mizima aniruhusu kumpeleka kwa daktari wa akili. Shemeji yangu ni mtu mpole, lakini neno lenyewe lilimtia aibu. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba tukiulizwa tuseme tunakwenda kupima macho.

Sasa kuna jambo la Kiarabu. Mimi nililetwa Maskati mchanga, nikasoma shule za hapa. Dada alikuja mtu mzima, na Kiarabu chake alikiokota dukani na kwa majirani. Walimcheka. Walikuwa wakimtaka arudie maneno ili wacheke tena, "Mzanzibari huyu." Basi akajifunza njia mbili: kunyamaza, au kusema kama anayejua.

Hospitalini muuguzi akaniuliza kwa Kiarabu kama mgonjwa anakijua, au aingie na mtu.

"Najua," dada akamjibu kwa Kiarabu hichohicho, kabla sijafungua mdomo. Akaingia peke yake. Mlango ukafungwa.

Alitoka amechangamka kidogo, na kwenye teksi akanishika mkono. Ulikuwa umepita muda mrefu hajanishika mkono.

"Nimemwambia," akasema.

"Umemwambia yote?"

"Nimemwambia lile lenyewe. *Ma indi hamm*. Mara mbili nimemwambia, asije akasema hakusikia."

"Akasemaje?"

"Kacheka vizuri tu. Kasema alhamdulillahi. Kanambia nile matunda, nitembee jioni."

Nilitazama nje ya dirisha ili asiuone uso wangu. Alikuwa ameitafsiri "sina hamu" neno kwa neno. Hamu ni neno la Kiarabu, akadhani akilirudisha kwao litapokelewa. Lakini kwao *hamm* ni dhiki, ni huzuni inayomlemea mtu. Dada yangu alikuwa amemwambia daktari, mara mbili, kwamba hana dhiki yoyote duniani.

Nilimweleza tulipofika nyumbani. Alikaa kwenye kizingiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimemwambia mie mzima?"

"Ndiyo, dada. Lakini tutarudi. Ntaingia na wewe, ntasema mimi."

"Usijisumbue, mdogo wangu. Neno lile nimelikusanyia nguvu mwaka mzima. Jengine sina."

Nilimwendea Marhoon. Akajikuna ndevu.

"Shemegi, daktari kasema hana kitu. Sasa nirudi nikamwambie yeye ndiye hajui Kiarabu?"

"Muhsina ndiye hajui," nikasema. "Na hapana hata mmoja pale anayejua Kiswahili."

Nusu ya mtaa wetu huota kwa Kiswahili, na hapakuwa na daktari mmoja wa kumwambia ndoto hizo. Nililia, niligombana, siku moja nikaleta teksi mpaka mlangoni. Dada hakuinuka. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akaniambia nimlipe mtu wa watu aende zake.

Shaabani ilipoingia akashikwa na homa ndogo, ambayo mtu mwenye hamu ya kuishi angeipita. Yeye hakuipita. Marhoon alilia mpaka tukamwonea huruma, na akawa anamwambia kila aliyekuja kwamba daktari alimwona mzima.

Kwenye matanga, jirani mmoja Mwarabu, mama mwema, alinishika mikono yote miwili akaniombea kwa lugha yake, "*Allah yfarrij hammish*." Mungu akuondolee *hamm* yako.

Nikaitikia amin. Kisha nikaingiwa na hofu, nikamwomba Mungu dua ile aisikie kwa Kiarabu tu.