Kadi ya Mwaka ya Mama Mkwe

Zéphirin hakuwa mtu wa kutoa neno kabla hajaligeuza upande wa pili kuona linakaaje. Ndiyo maana mwezi wa nane, aliposema kwamba kadi ya mwaka ya Bustani ya Mwangaza, ile ya michezo, ina faida, watu walimsikiliza. Alikuwa fundi wa mashine za bustani hiyo pale ufukweni Nchelenge, amejifunza injini kwa kuzifungua na kuzifunga mwenyewe, na hesabu ya kadi aliifanya vilevile, pole pole. Ukiingia mara tatu kwa tikiti ya kawaida, umekwisha kulipa bei ya kadi; mara ya nne na zote zinazofuata ni zako. Tena gurudumu kubwa jipya lilikuwa njiani, lile ambalo ukifika juu unaona ziwa Mweru lote mpaka vilima vya Kongo. Na msimu wa Noeli ulikuwa na taa na ngoma.

"Ni nani atakosa kuingia mara ine mu mwaka?" aliwauliza watu wa kwaya yake. Wengi wakanunua.

Mtu wa mwisho kununua alikuwa Germaine, mama wa mke wake.

Germaine alikaa kisiwani Chisenga, akinunua samaki kwenye kambi ya wavuvi na kuwauzia wachuuzi wanaovuka kwenda Kongo. Bintiye Priscille alikuwa ameolewa na Zéphirin muda wa kutosha kumzaa Jessy na Jessy kuanza kukimbia, lakini Zéphirin alikuwa bado hajaingizwa. Mwanaume ambaye hajaingizwa hamtazami mama mkwe usoni, hamwambii neno moja kwa moja, wala hali mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anashuka kwenye majani. Siku mama mkwe akiridhika naye, anapika, anamwita, anamlisha mbele ya ndugu, na tangu hapo mwanaume ni mtoto wa nyumba. Germaine alikuwa hajapika. Hakusema anangoja nini, na Zéphirin hakuwa na njia ya kumwuliza.

Kisha akatuma pesa ya kadi.

"Baba Jessy," Priscille alimwambia siku ile, "mama hayashikaka neno yako hata moja. Hii ameshika. Usiivunje."

Mwezi wa tisa Germaine alikuja na mashua, amevaa kitenge cha kanisani. Gurudumu lilikuwa bado vyuma vilivyolala kwenye nyasi; vipande vingine vilikuwa barabarani vinatoka kusini. Akatazama farasi wa mbao wakizunguka na watoto, akarudi kisiwani. Mwezi wa kumi na moja alikuja tena. Gurudumu lilikuwa limesimama, limepakwa rangi ya bluu, lakini upepo wa ziwa ulikuwa mkali na Zéphirin mwenyewe ndiye aliyelifunga kwa mnyororo. Germaine akarudi. Hakutuma neno lolote, si zuri wala baya, na hilo lilimkaa Zéphirin kifuani kuliko matusi.

Alijituliza kwa jambo moja. Mwezi wa kumi na mbili serikali inafunga ziwa ili samaki wazae, na hakuna anayetupa wavu mpaka mwezi wa tatu. Watu wa visiwani wanabaki mikono mitupu, siku zao zote ni zao. Hapo ndipo kadi ingefanya kazi. Alikuwa ameliweka hilo kwenye hesabu yake tangu mwanzo.

Wiki ya kwanza ya mwezi ule, Bi Nkandu, msimamizi wa bustani, alibandika tangazo langoni. Msimu wa Noeli unaanza leo hadi mwisho wa mwezi wa pili. Katika msimu huu kadi za mwaka hazitapokelewa. Wote watanunua tikiti ya msimu.

Zéphirin alilisoma, akalisoma tena, akaenda ofisini.

"Ba Zéphirin, ikaleni," Nkandu alimkaribisha akae, maana alikuwa mtu wa adabu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kilichochanganywa na Kibemba, lakini kilifika. "Najua mumekuja juu ya nini."

"Bosi, kadi ni ya mwaka. Mwaka iko na mwezi wa kumi na mbili ndani."

"Iko. Lakini mugeuze kadi muone nyuma. Imeandikwa kwamba siku za sherehe hazimo."

"Imeandikwa Kingereza, na maandishi ni kama mayai ya sisimizi. Na sherehe ni siku moja, siku mbili. Hii ni miezi yote ziwa inafungwa."

Nkandu alicheka kidogo, bila ubaya. "Ndiyo hapo watu wanakuja. Ile miezi mingine wako na samaki, hakuna anakuja. Mimi nitalipa deni ya gurudumu na nini? Nitawalipa nyinyi na nini?"

Zéphirin alijaribu kuliona jambo kutoka kiti cha Nkandu, kama alivyozoea kufanya na kila mtu, na akaliona. Mwanamke yule hakuwa mwizi. Alikuwa amefanya hesabu ileile aliyoifanya yeye, kuhusu ziwa lilelile, ila ameifanya kutoka upande wa pili wa lango. Kulielewa hilo hakukumpunguzia hasira hata kidogo. Kulimnyima tu mtu wa kumwelekezea.

"Basi wenye kadi waingie hata asubuhi," alisema mwishowe.

"Asubuhi sawa. Mpaka saa ine. Nitaandika."

"Mashua ya Chisenga inafika saa tano."

"Awe, hapana, ba Zéphirin. Sasa munataka nibadilishe na mashua?" Akavuta karatasi nyingine mezani. "Tena Jumamosi mutoke kwa gurudumu, musimame langoni na Kunda, ule mulinzi. Watu wa Swahili ni wengi, yeye hawezi kuwaeleza vizuri."

Hivyo ndivyo Jumamosi ilivyomkuta Zéphirin langoni, amevaa fulana ya njano ya bustani, akiwarudisha watu aliowauzia kadi kwa mdomo wake mwenyewe. Watu wa kwaya walipita mmoja mmoja, wakamsikiliza, wakaondoka. Mmoja wao, baba mnene wa sauti ya besi aitwaye Pitchou, alimpiga begani. "Ndugu, nilikuwa nafikiri nimenunua mwaka. Kumbe nimenunua picha yangu tu, hii iko juu ya kadi."

Karibu na saa sita mashua ilikuwa imekwisha shusha watu. Zéphirin aliona kitenge cha kanisani kinakuja kwenye mstari. Akageuza uso haraka akatazama nguzo ya lango.

Germaine alifika, akasimama kando, akatoa kadi kwenye kitambaa. Alimkabidhi Kunda, mlinzi, kijana wa Kibemba ambaye mambo ya ukwe aliyajua vizuri, maana kwao nako ni yale yale.

"Kunda," Zéphirin aliiambia nguzo, "umwambie mama kwamba leo kadi haipokelewi."

Kunda alifungua mdomo, lakini Germaine alikuwa amekwisha sikia. "Kunda, uulize ule mutu: mwezi wa tisa ilipokelewa?"

"Ilipokelewa, mama, lakini gurudumu haikuwa bado," Zéphirin alisema, kisha akakumbuka. "Kunda, umwambie vile."

"Na mwezi wa kumi na moja?"

"Ilikuwa mupepo. Umwambie, Kunda."

"Kwa hiyo," Germaine aliuambia mkoba wake, "kadi inaingia siku gurudumu haizunguke, na siku inazunguka kadi haiingie."

Mstari wote ulicheka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema kwa sauti, "Mukwe gani huyu anamufungia mama mulango? Huyu ni kama askari wa mupaka."

"Umuache," mwingine alimjibu. "Shingo yake imekamatwa na nguzo, hawezi kugeuka."

Zéphirin alitia mkono mfukoni. "Kunda, umwambie mama kwamba tikiti ya leo nitalipa mimi. Aingie."

Germaine aliinua macho. Juu ya miti gurudumu lilikuwa linazunguka, na vijana waliokuwa kileleni walikuwa wanapiga mayowe. Alilitazama mpaka likamaliza mzunguko.

"Kunda, umwambie: sikukuja kuombaomba. Nilinunua neno yake. Kama neno haiko, basi haiko." Akachukua kadi, akaifunga tena kwenye kitambaa, akashika njia ya bandarini.

Nyumbani Priscille hakumlaumu. Aliweka ugali, akakaa, akamlisha Jessy. "Amepita hapa," alisema. "Hakula. Amesema tu kwamba mambo ya kukuingiza, tusubiri."

"Mpaka lini?"

"Hakusema. Baba Jessy, sasa utafanya nini?"

Zéphirin alifikiri. Kumshawishi Nkandu alikuwa amejaribu. Kulipa kulikataliwa. Kumwomba mama mkwe msamaha kulihitaji uso, na uso hakuwa nao. Neno lilikuwa limekwisha toka. Kulirudisha kinywani haiwezekani. Lakini aliona kwamba linaweza kufuatwa lilikokwenda.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya zamu yake ya mchana, alishuka bandarini. Mashua ya kwanza kutoka visiwani ilipogusa mchanga alisimama mahali ambapo wote wangemsikia.

"Wenye kadi ya mwaka ya Mwangaza," alisema, na ilibidi arudie kwa sauti kubwa kuliko aliyoizoea. "Ni mimi niliwaambia ni ya faida. Nilikosea. Haipokelewi mpaka mwezi wa tatu, ila asubuhi tu, na nyinyi hamuwezi kufika asubuhi. Musipoteze siku yenu. Na mutu asinunue ingine mpaka wabadilishe."

Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana, na mmoja alitaka arudishiwe nauli ya mashua. Zéphirin aliyapokea yote, akasubiri mashua ya pili, akasema tena.

Habari ilimfikia Nkandu kabla Zéphirin hajafika kazini. "Mumeniharibia, ba Zéphirin," alimwambia mlangoni, bila kupaza sauti. "Sitawafukuza, maana hakuna mwengine anajua ile injini. Lakini siwapandishi tena mshahara mwaka unaokuja, na Jumamosi mutafagia." Zéphirin aliitika. Akafagia. Jumamosi nyingine akashuka tena bandarini, akasema yale yale.

Siku hiyo ya pili Germaine alikuwamo kwenye mashua. Hakuja kwa ajili ya bustani. Alikuja kununua unga wa muhogo, maana kisiwani ulikuwa umekwisha. Zéphirin alimwona yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuanza kusema, na hakuweza kunyamaza katikati. Akageukia ziwa, akamalizia maneno yake akiwa amewapa watu mgongo. Watu waliona, wakacheka, wakatawanyika kwenda sokoni.

Alisikia nyayo zikikaribia kwenye mchanga, zikasimama mbali kidogo. Kisha sauti ya gunia tupu likikung'utwa.

"Wee gunia," Germaine alisema. "Huyu mutu anasema hii maneno kila Jumamosi?"

Hapakuwa na Kunda. Zéphirin aliyaambia maji, "Kila Jumamosi, mpaka wabadilishe."

"Na kazi yake?"

"Anafagia."

Germaine alikunja gunia, akalikung'uta tena ingawa halikuwa na kitu. "Mwezi wa tatu samaki itaanza. Sitakuwa na nafasi ya kuzunguka mu hewa. Ile kadi itakufa kwa sanduku yangu, na sitaisahau, gunia, umwambie vizuri." Akalitia gunia kwapani. "Lakini kupika, hiyo kazi haina msimu. Umwambie Priscille atafute kuku mbili. Jumapili ya kwanza, kisha mwaka kuingia."

Nyayo ziliondoka kuelekea sokoni. Zéphirin aliendelea kutazama maji mpaka zisisikike tena, kisha akapanda kwenda kufagia.